Kanda za VHS za Familia: Jinsi ya Kuzinasa, Kuzihariri na Kuzibana Ukiwa Nyumbani

Kila Desemba watu wanaporudi nyumbani, mimi hapa Kisumu huletewa mifuko ya kanda. Harusi ya kanisani Maseno, mazishi ya babu kule Ugenya, sherehe ya jando Bungoma, na kila mara kanda moja isiyo na jina ambayo hakuna anayekumbuka ina nini. Deki ya nyumbani iliharibika zamani. TV ya kichogo nayo iliondoka sebuleni utangazaji wa analogi ulipozimwa mwaka 2015. Kanda zikabaki chini ya kitanda, na unyevu wa ziwa hauna huruma nazo.

JVC ilileta VHS mwaka 1976, na Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyobaki mwisho ikitengeneza deki, iliacha Julai 2016. Kwa hivyo kila deki unayoiona leo ni ya mitumba na inazeeka. Ndiyo maana nasema kazi hii ya kuzinasa kanda, yaani kuzihamishia kwenye kompyuta, ifanywe sasa, na kwa kompyuta ya kawaida unaweza kuifanya mwenyewe.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: utatengeneza faili mbili. Ya kwanza ni faili mama, kubwa, isiyopunguzwa kitu. Ya pili ni faili ya kutazama, ndogo, inayozaliwa na ile mama. Kubana, yaani kuipunguza faili ukubwa, hufanywa mara moja tu, mwishoni. Mimi nililijua hili kwa uchungu. Nilikuwa na kanda ya nyanya yangu akiimba na kucheza katika arusi ya mjomba. Diski yangu ilikuwa imejaa, nikainasa moja kwa moja ikiwa faili ndogo. Wiki mbili baadaye deki ikaimeza kanda ile, ikaikunja na kuikata. Sasa nimebaki na faili hiyo pekee. Nyanya akiwa amesimama, uso wake unaonekana vizuri. Akianza kucheza, vumbi likipanda, picha inageuka miraba miraba kuanzia magotini kwenda chini. Sauti yake ninayo. Miguu yake sina.

Itazame kanda kabla ya kuitia kwenye deki

Ubavuni mwa kanda kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, kisha inua kile kifuniko cha mbele uone ukanda wenyewe. Halafu ielekeze kwenye mwanga utazame magurudumu mawili yaliyozungushiwa ukanda kupitia vile vioo viwili. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu kwenye kingo za ukanda, huo ni ukungu. Kanda hiyo usiipige. Ukungu huhamia kwenye hedi za deki, yaani vile vipande vinavyosoma ukanda, na kutoka hapo huambukiza kila kanda utakayoitia baadaye. Itenge kwenye mfuko wake, uipeleke kwa fundi mwenye deki ya kusafishia peke yake.

Kanda iliyo safi, vunja kwanza kile kijino cha plastiki cha mgongoni kama bado kipo. Bila kijino hicho deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe kisichofaa. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo mara moja, bila kuitazama. Ukanda uliokaa miaka bila kuguswa huwa umejikaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, na kuuzungusha hivi huusawazisha.

Soma pia lebo. E-180 maana yake ni dakika 180, yaani saa tatu. E-240 hubeba saa nne kwa sababu ukanda wake ni mwembamba zaidi, kwa hivyo usiupeleke mbele na kurudisha ovyo.

Deki na waya

Deki nyingi nimezipata Kibuye siku ya Jumapili, kwenye marundo ya vyombo vya umeme. Usinunue bila kumwomba muuzaji aichomeke kwenye stima. Nenda na kanda usiyoijali, uitie, uicheze, uirudishe, uitoe. Ikitoka na mkunjo, rudisha deki hapo hapo.

Ukifika nyumbani, isafishe. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, utaona ngoma ya chuma inayong'aa. Hedi ziko kwenye ukingo wake. Tumia alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90 na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Weka kitambaa kilicholowa dhidi ya ngoma, kishikilie kimetulia, halafu uizungushe ngoma polepole kwa kidole cha mkono mwingine ukiishika kwa juu. Usisugue kwenda juu na chini kamwe, kwa maana hedi ni vipande vyembamba mno na vitavunjika. Pamba ya masikioni iache kwa ajili ya magurudumu ya mpira, isiguse ngoma.

Nyuma ya deki kuna matundu: manjano ni picha, jeupe na jekundu ni sauti. Kama deki yako na kifaa chako cha kunasia vyote vina tundu la S-Video, litumie badala ya lile la manjano, kwa sababu hapo mwangaza na rangi husafiri kwenye njia mbili tofauti na picha hutoka safi zaidi. Waya hizi zinaingia kwenye kifaa kidogo cha kunasia cha USB, nacho kinaingia kwenye kompyuta.

Tahadhari: madukani utauziwa kijisanduku cha kugeuza waya hizi tatu kuwa HDMI. Kinafaa kutazamia kwenye TV mpya, lakini kwa kunasa hakifai. Vingi huivuta picha ya mraba ijae kioo kirefu, nyuso zinanenepa, na mwendo wa picha unabadilishwa bila kukuuliza. Hayo yakishaingia kwenye faili, kuyatoa ni kazi kubwa.

Ukiweza, chomeka deki na kompyuta kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya stima. Laptopu ina betri yake, lakini deki haina. Stima ikipotea kanda ikiwa imezungushwa kwenye ngoma, ukanda unabaki umenaswa humo, na kuutoa kwa pupa ndiko kunakoukata.

Kunasa

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana makosa ya hapa hayarekebishiki mbele.

Kwenye Windows mimi hutumia programu ya VirtualDub. Ni ya bure na ni ya zamani, lakini kwa kazi hii bado sijapata inayoizidi. Ifungue kwenye hali ya kunasa, chagua kifaa chako, kisha panga haya: mfumo PAL, ukubwa wa pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576, fremu (picha kamili) 25 kwa sekunde, rangi YUY2, sauti isiyobanwa ya hertzi 48,000. Hiyo ndiyo video ya Kenya, maana tulifuata mfumo wa PAL.

Kanda iliyotoka kwa shangazi aliyeko Marekani itakuwa ya NTSC, mfumo wa video wa huko. Hiyo ina fremu 29.97 kwa sekunde na inanaswa kwa ukubwa wa 720 kwa 480. Kwenye deki isiyoifahamu itaonekana nyeusi na nyeupe, au picha itakuwa inapanda juu bila kutulia. Kanda haijaharibika, inahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili.

Sasa kodeki, yaani ile njia ya kuifunga picha ndani ya faili. Tufanye hesabu. Video ya PAL isiyobanwa kabisa ina pikseli 720 mara 576, kila pikseli baiti mbili, fremu 25 kila sekunde. Hizo ni karibu megabaiti 21 kwa sekunde, au gigabaiti 75 kwa saa. Ni nyingi mno. Kodeki ya HuffYUV huzipunguza hadi takriban gigabaiti 30 au 40 kwa saa bila kupoteza hata pikseli moja, kama vile mtu anavyokunja shati bila kulikata. Ukilikunjua ni lile lile. FFV1 hufanya hivyo hivyo, hukaza zaidi kidogo, na nyaraka kuu za nchi nyingi huitumia kuhifadhi filamu na video. Chagua mojawapo. Kanda moja iliyojaa ya saa tatu itakula karibu gigabaiti 100, kwa hivyo diski ya terabaiti moja itakutosha kanda tisa au kumi. Kama huna nafasi, anza na kanda ambazo watu walio ndani yake hawapo tena.

Nasa kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Usinase kwenye flashi, haiwezi kuendana na kasi hiyo. Zima Wi-Fi, zima masasisho, funga kivinjari. VirtualDub hukuonyesha idadi ya fremu zilizopotea. Moja au mbili kwa saa si neno, lakini zikianza kuhesabiwa kwa makumi, simamisha uanze upya, la sivyo sauti na midomo vitaachana. Zikiendelea kupotea ilhali kompyuta imetulia, tatizo ni kanda inayotetemeka. Hapo tafuta DVD rekoda ya zamani yenye matundu ya kuingizia picha, uipitishe ishara humo kabla ya kufika kwenye kifaa cha USB. Hata bila kurekodi chochote kwenye diski yake, baadhi ya rekoda huituliza picha.

Kabla ya kubonyeza rekodi, cheza dakika tatu za katikati ya kanda. Zungusha kitufe cha trakingi hadi ile michirizi ya chengachenga iondoke. Tazama mshale wa sauti. Kilele kibaki kati ya desibeli -12 na -6, kisiguse sifuri. Gauni la bibi arusi likionekana kama karatasi jeupe lisilo na mikunjo, punguza mwangaza kwenye mipangilio ya kifaa. Weupe ukishakatika kwenye kunasa, mikunjo ile hairudi.

Kunasa huenda kwa mwendo wa kanda yenyewe. Saa tatu ni saa tatu. Kaa karibu na daftari, uandike dakika na jambo: 0:14 wanaingia kanisani, 1:02 mzee anaongea, 1:40 chakula. Daftari hilo litakuokoa wakati wa kuhariri.

Kanda ndogo za MiniDV ni jambo jingine, na ni jepesi zaidi. Humo video tayari ni ya kidijitali. Usiipitishe kwenye waya wa manjano. Tumia kamera yenyewe, waya wa FireWire, na laptopu ya zamani yenye tundu hilo. Programu ndogo ya WinDV huinakili kama ilivyo, gigabaiti 13 kwa saa, na faili hiyo ndiyo faili mama.

Mistari inayopishana

Ukiifungua faili mama utaona mtu anayetembea ana kingo kama meno ya kitana. Usiogope. TV za zamani zilionyesha nusu-picha 50 kwa sekunde: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, na jicho likaziunganisha. Kioo cha leo huonyesha mistari yote kwa pamoja, ndipo meno yanapoonekana.

Watu wengi hutupa nusu moja ya mistari na kubaki na fremu 25. Mimi nakushauri uzigeuze nusu-picha zote 50 kuwa fremu kamili 50. Kwa hotuba huwezi kuona tofauti, lakini kwa ngoma na mabega ya wachezaji tofauti ni kubwa: mwendo unateleza kama ulivyoteleza siku ile. Kwenye VirtualDub, fungua faili mama, weka kichujio cha bob doubler, uhifadhi nakala mpya kwa HuffYUV. Watu wakionekana wanaruka mbele na nyuma, umechagua mpangilio wa mistari usio sahihi. Badilisha kutoka mstari wa juu kwanza kwenda wa chini kwanza. VHS mara nyingi ni wa juu, DV ni wa chini. Faili mama yenyewe usiiguse.

Kuhariri

Shotcut ni programu ya kuhariri ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu sana. Panga mradi uwe 768 kwa 576, uwiano wa nne kwa tatu, fremu 50. Namba hiyo ya 768 si kosa: pikseli za PAL si mraba kamili, na ukiacha 720 nyuso zitakonda. Usiivute picha ijae kioo cha TV mpya. Acha weusi pembeni.

Kata sehemu tupu, zile dakika ambazo kamera iliachwa ikirekodi nyasi. Lakini pole na mkono. Mpiga video wa siku hizo aliposahau kuzima kamera, mara nyingi alinasa kitu ambacho hakuna aliyekipanga: wakina mama wakipepeta mchele nyuma ya nyumba, watoto wakigombania soda. Familia hurudia sehemu hizo kuliko hotuba.

Chini kabisa ya picha ya VHS kuna mistari michache iliyopinda na kuchakaa. Ifunike kwa ukanda mweusi hapa kwenye uhariri. Ule mvumo wa stima unaosikika chini ya sauti uko kwenye hertzi 50. Kichujio cha Notch kikiwekwa hapo huupunguza. Usiukaze hadi sauti ya mzee iwe kama inatoka ndani ya debe.

Kisha majina. Hili ndilo nalojali kuliko yote. Mama mmoja wa Nyalenda alikuja na mwanawe kuchukua kanda ya harusi yake, nikamwomba akae kidogo atazame. Nilisimamisha picha kwenye kijana mmoja aliyevaa suti pana ya kahawia.

"Huyu ni nani, Mama?"

Akakisogelea kioo. "Huyo ni shemeji yangu, mwanangu. Ndiye aliyetuuzia ng'ombe tukapata pesa ya keki."

Mwanawe hakuwahi kumsikia mtu huyo. Tulikaa saa mbili, tukapata majina kumi na moja. Niliyaandika kwa herufi nyeupe chini ya picha, sekunde tano kila moja, na orodha nzima nikaiweka kwenye faili ya maandishi kando ya video. Ukiwa na mzee nyumbani anayezikumbuka nyuso hizo, mketishe mbele ya kompyuta wiki hii, hata kama hujamaliza kukata.

Ukimaliza, toa kazi yako kutoka Shotcut kwa kutumia mpangilio wa kodeki isiyopoteza, HuffYUV au FFV1. Bado hatujabana.

Kubana

Kodeki ya kubana hufanya mambo mawili. Kwanza huigawa picha katika miraba na kuondoa yale ambayo jicho haliyashiki. Pili, huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Mtu akihutubia mbele ya ukuta, kinachobadilika ni mdomo na mkono, na faili inakuwa ndogo. Vumbi, majani kwenye upepo, mawimbi ya Dunga yenye magugu maji yanayotikisika, vyote hubadilika kila fremu, na hapo kodeki huishiwa nafasi na kuanza kuchora miraba. Ndicho kilichomkuta nyanya yangu.

VHS ina tatizo hilo kila mahali, kwa sababu chengachenga zake nazo hubadilika kila fremu. Kodeki haijui kwamba ni uchafu. Huzihifadhi kwa bidii kama vile ni uso wa mtu. Kwa hiyo usidhani kwamba picha hafifu inahitaji biti chache. Inahitaji nyingi.

Tumia programu ya HandBrake. Chagua MP4 na kodeki ya H.264 kupitia x264. H.265 ya mwaka 2013 hukaza zaidi, lakini H.264 ya mwaka 2003 inasomwa na karibu kila simu na TV inayosoma video kwenye flashi, na kwa faili ya familia hilo ni muhimu kuliko kuokoa nafasi. Upande wa ubora, weka RF kati ya 18 na 20. Namba ikishuka ubora hupanda. Kasi iwe Slow. Kichujio cha kupunguza chengachenga kiwe kwenye Light, si zaidi, kwa maana kikikazwa ngozi za watu zitakuwa kama nta. Fremu ziwe 50 na zisibadilikebadilike. Sauti AAC, kilobiti 160.

Usibane saa tatu nzima kwa kubahatisha. Bana dakika moja yenye ngoma, itazame kwenye kioo kikubwa, ndipo uamue.

Kukisia ukubwa ni rahisi: megabiti kwa sekunde mara sekunde, gawanya kwa nane. Megabiti 4 kwa saa moja ni 4 mara 3,600, gawanya kwa 8, megabaiti 1,800. Saa tatu ni gigabaiti 5.4. Hapo kuna mtego: flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja ya zaidi ya gigabaiti 4. Kompyuta itagoma, na mwenye flashi atadhani imeharibika. Igawe video katika sehemu mbili, mfano kanisani na nyumbani. Kuna mpangilio mwingine wa flashi, exFAT, unaokubali faili kubwa, lakini TV nyingi za zamani hazisomi huo, kwa hivyo usikimbilie huko.

Kwa WhatsApp, ukituma kama video ya kawaida itabanwa upya na kazi yako yote ipotee. Itume kama dokyumenti. Inakubali hadi gigabaiti 2.

Kuhifadhi na kukabidhi

Faili mama ziwe nakala mbili, kwenye diski mbili, nyumba mbili. Moja yako, nyingine kwa ndugu wa mbali kidogo, Kakamega au Nakuru, ili moto au mwizi asizikute pamoja. Ile faili ndogo iweke pia Google Drive. Gigabaiti 15 za bure zitabeba kanda mbili hivi za saa tatu. Taja faili kwa kuanza na mwaka, kisha tukio, kisha mahali, ndipo zijipange zenyewe.

Kanda zenyewe usizitupe. Zirudishe hadi mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu na mbali na spika, na kwenye sanduku tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Flashi ya familia ijaribu kwenye TV yao wao, ukiwa bado umekaa pale. Itazame dakika ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Sauti na midomo vikiwa pamoja hata mwisho, waachie rimoti.